Daftari la Ardhi ni la Nani? Funzo la Masasi na Newala

Wahenga walituachia usemi kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Wafanyabiashara huutumia sana, lakini hakuna mahali unapofaa kuliko katika suala la ardhi, kwa kuwa ardhi haihamishiki na mwenye kuinyang'anywa hawezi kuificha kabatini. Makala haya yanaukubali usemi huo, kisha yanauongezea sharti moja ambalo historia ya kusini mwa nchi yetu inalidai: daftari lililo mikononi mwa mtu mmoja, au ofisi moja, nalo laweza kuipoteza mali, na safari hii kwa mhuri na saini.

Swali hili lina uzito leo kuliko jana. Kumbukumbu za ardhi nchini zinahamishwa kutoka kwenye majalada ya karatasi kwenda kwenye mifumo ya kompyuta. Tangu tarehe 1 Mei 2023 tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayofanya kazi, na Tume ya kuisimamia. Miji ya Masasi na Newala, ambayo sasa kila mmoja una halmashauri yake, inapanuka na kumeza mashamba yaliyokuwa ya vijiji. Katika mijadala mingi swali linaloulizwa ni mfumo upi ununuliwe. Linaloulizwa kwa nadra ni nani atawajibika siku kumbukumbu itakapokuwa na kosa, itakapovuja au itakapopotea. Historia ya eneo hili inatupatia jibu, tukikubali kuisoma.

Masasi iko tambarare, katikati ya milima ya mawe inayoonekana kutoka mbali. Newala iko juu, ukingoni mwa uwanda wa Makonde, mahali ambapo mvua hunyesha lakini maji huzama mchangani, hata kwa vizazi vingi wanawake wakalazimika kushuka mabondeni kuyafuata. Wamakonde, Wamakua na Wayao wa eneo hili walirithishana kwa upande wa mama. Miongoni mwa Wamakonde, aliyefungua makazi katika msitu na vichaka vya uwanda huo aliheshimiwa kama mkulungwa, na ukoo wake ndio uliotoa ruhusa kwa wageni waliotaka kulima.

Kumbukumbu ya nani analima wapi haikuandikwa, lakini ilikuwepo. Ilikaa kwa mkulungwa aliyegawa, kwa jirani aliyepakana, kwa wajomba waliosimamia ukoo, na katika alama za ardhi yenyewe: mti, njia, kaburi, tuta la shamba lililoachwa lipumzike. Tusiupambe utaratibu huo kupita kiasi. Ulikuwa na upendeleo, uliwapa wazee sauti kubwa kuliko vijana, na mgeni aliishi kwa hisani. Hata hivyo ulikuwa na sifa moja tunayopaswa kuikumbuka: hakuna mtu mmoja aliyeweza kuibadilisha kumbukumbu peke yake. Mkulungwa aliyedanganya kuhusu mpaka alipaswa kuwadanganya pia jirani, mjomba na kaburi.

Ukoloni ulikuja na wazo jingine. Amri ya Kaisari wa Ujerumani ya mwaka 1895 ilitangaza kwamba ardhi isiyo na mwenyewe katika Afrika Mashariki ya Kijerumani ni mali ya Taji. Mwenyewe alitambuliwa kirahisi alipokuwa na hati, na wenye hati walikuwa walowezi na makampuni. Mwafrika alitazamwa kama mtu anayetumia tu ardhi aliyoikalia. Waingereza walipochukua nchi walitunga Sheria ya Ardhi ya mwaka 1923, iliyoiweka ardhi yote chini ya usimamizi wa Gavana. Marekebisho ya mwaka 1928 yalieleza kwamba haki ya kuikalia ardhi inajumuisha pia haki ya mwenyeji anayeitumia kwa mila na desturi zake. Kwenye karatasi hiyo ilikuwa hatua mbele. Lakini mwenyeji alitambuliwa bila kuandikwa. Serikali ilikuwa na daftari la hati za wachache. Wengi walibaki na mila ambayo afisa wa wilaya aliweza kuisikiliza au kuipuuza.

Katika mwanya huo uliingia mkorosho. Mti huu, ulioletwa pwani na Wareno karne nyingi zilizopita, ulienea kusini kama zao la biashara katika miongo ya mwisho ya ukoloni. Zao la msimu huacha shamba wazi baada ya mavuno. Mkorosho huishi miongo kadhaa, na aliyeupanda hujulikana. Kwa hiyo mkulima wa Newala au Masasi alipopanda mikorosho kwa mistari alikuwa pia anaandika daftari lake juu ya ardhi. Mti ukawa ushahidi wa milki, na mara nyingine mti ukawa na mwenyewe na ardhi iliyo chini yake ikawa na mwenyewe mwingine. Urithi nao ukatikisika. Baba aliyepanda miti kwa jasho lake alitamani kuwaachia wanawe, huku mila ikimtaja mpwa. Ugomvi kati ya mtoto na mpwa, unaosikika hadi leo mbele ya mabaraza, chanzo chake kimoja ni hiki: kumbukumbu mbili za haki juu ya shamba moja, kila moja ikiwa ya kweli machoni pa mwenyewe.

Kisha vikaja vijiji. Kusini, vita vya ukombozi wa Msumbiji vilivyoanza mwaka 1964 ng'ambo ya Mto Ruvuma vilikuwa tayari vimeongeza sababu za kuwakusanya watu. Mwezi Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kuishi vijijini sasa ni amri, na kazi hiyo ikamilike ifikapo mwisho wa mwaka 1976. Nia ya shule, zahanati na maji haikuwa ya uongo, na wapo waliovipata. Lakini kuhusu kumbukumbu za milki, operesheni ile ilifanya jambo moja kubwa: iliwatenga watu na mashamba yao bila kuandika nani alikuwa na nini. Viongozi wa kijiji kipya waligawa viwanja katika ardhi ambayo mara nyingi ilikuwa ya ukoo fulani. Mikorosho ya zamani ilibaki mbali, ikamezwa na vichaka.

Matokeo yalionekana ghalani. Uzalishaji wa korosho nchini, uliozidi tani 140,000 msimu wa 1973/74, uliporomoka hadi chini ya tani 20,000 msimu wa 1986/87. Haki inatutaka tuseme kwamba sababu zilikuwa nyingi: ugonjwa wa ubwiriunga, bei duni kwa mkulima, kuvunjwa kwa vyama vya ushirika mwaka 1976. Lakini umbali kati ya mtu na miti yake ni mojawapo, na baada ya umbali huo ukaja wasiwasi wa umiliki. Nani atapalilia mkorosho asiojua kama kesho ataambiwa ni wake?

Watu walipoanza kurudi katika mashamba yao ya asili, nchi nzima ilijikuta na madai mawili juu ya ardhi moja: la aliyehamishwa na la aliyegawiwa. Mwaka 1992 Bunge lilipitisha sheria ya kufuta haki za kimila katika vijiji vilivyoanzishwa na kuzuia kesi zake mahakamani. Ilikuwa njia ya kumaliza ugomvi kwa kufuta ukurasa. Mwaka 1994 Mahakama ya Rufani, katika shauri la Mwanasheria Mkuu wa Serikali dhidi ya Lohay Akonaay na Joseph Lohay lililotoka mkoani Arusha, ilikataa. Ilisema haki ya kimila ya kuikalia ardhi ni mali inayolindwa na Katiba, na haiwezi kuondolewa bila fidia ya haki. Mkulima asiye na karatasi wa Newala aliguswa na hukumu ile sawasawa na mkulima wa Arusha, hata kama hakuwahi kuisikia.

Wakati huohuo Tume ya Rais ya Uchunguzi wa Masuala ya Ardhi, iliyoundwa mwaka 1991 chini ya uenyekiti wa Profesa Issa Shivji, ilikuwa imezunguka nchi kuwasikiliza wananchi. Pendekezo lake kuu lilikuwa kwamba mamlaka ya juu ya ardhi ya kijiji yatoke kwa Rais na kukabidhiwa Mkutano Mkuu wa Kijiji, na kwamba migogoro isikilizwe na Baraza la Wazee la Ardhi, hadharani. Serikali haikukubali kuyaondoa mamlaka hayo kwa Rais. Sera ya Taifa ya Ardhi ya mwaka 1995, na Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji za mwaka 1999, zilizotungwa wakati wa urais wa Benjamin William Mkapa, mzaliwa wa Lupaso wilayani Masasi, zilibaki na msimamo kwamba ardhi yote ni ya umma chini ya udhamini wa Rais.

Hata hivyo Sheria Na. 5 ya Ardhi ya Vijiji iligawa ulezi wa kumbukumbu kuliko sheria yoyote iliyotangulia. Halmashauri ya kijiji husimamia ardhi kama mdhamini kwa niaba ya wanakijiji, wala haiwezi kugawa ardhi bila idhini ya Mkutano Mkuu. Kabla ya hatimiliki ya kimila kutolewa, mipaka hutambuliwa mbele ya majirani. Daftari la ardhi hutunzwa kijijini na mtendaji wa kijiji, na wilaya nayo ina masjala yake. Hatimiliki ya kimila ina hadhi sawa na hati inayotolewa na Kamishna wa Ardhi. Ukiusoma utaratibu huu kwa jicho la historia, utaona kivuli cha mkulungwa, jirani na mjomba, safari hii kwa maandishi na, angalau kisheria, mwanamke akiwa na haki sawa na mwanamume ya kupata na kumiliki ardhi.

Tatizo ni umbali kati ya sheria na masjala. Masjala ya kijiji inahitaji chumba kikavu, kabati lenye kufuli, na mtendaji aliyefundishwa na asiyehamishwa kila mara bila makabidhiano. Palipokosekana hayo, daftari limekaa nyumbani kwa mtendaji, na likawa, kwa vitendo, lake.

Uzito wa jambo hili ulionekana kwa nchi nzima mwishoni mwa mwaka 2018. Wakulima walipokataa bei za mnada, Serikali ya Rais John Magufuli iliamua kununua korosho yote kwa shilingi 3,300 kwa kilo na kulikabidhi Jeshi kazi ya kuisomba. Ili wanunuzi wa kangomba wasijinufaishe, wakulima walihakikiwa kabla ya kulipwa: je, mzigo huu unalingana na shamba ulilo nalo? Swali lilikuwa la haki. Lakini lilidai jibu ambalo katika vijiji vingi halikuwa limeandikwa popote. Malipo ya baadhi ya wakulima yalichelewa hadi mwaka uliofuata. Tangu Sheria ya Ardhi ya Vijiji ianze kutumika mwaka 2001, miaka 17 ilikuwa imepita bila daftari kukamilika, na gharama ya ukurasa mtupu ikaangukia kwa mkulima, ambaye si yeye aliyeuacha mtupu.

Leo swali linarudi kwa sura ya mji. Kijiji kinapoingizwa katika mamlaka ya mji na kuwa mtaa, halmashauri ya kijiji hufikia mwisho wake. Mtaa una mwenyekiti na kamati, lakini hauna udhamini wa ardhi ule wa Sheria Na. 5. Daftari la kijiji linakwenda wapi? Nani anathibitisha kwamba jina lililokuwemo limeingia katika ramani mpya ya mipangomiji? Pembezoni mwa Masasi na Newala, ambako shamba la mikorosho hukatwa viwanja, pengo hili hujazwa na dalali, na mwenyekiti wa mtaa mwenye mhuri. Dalali hana uovu wa kuzaliwa. Mara nyingi ndiye pekee anayejua nani anauza na nani anataka. Lakini anatembea na picha za hati za watu kwenye simu, namba zao za NIDA, na siri ya nani ana shida ya fedha, na akiuza kiwanja kimoja kwa watu wawili hakuna daftari la kumkana.

Majirani zetu wametangulia katika njia hii, na alama zao tunaziona. Buganda, Makubaliano ya mwaka 1900 yaligawa maili za mraba 8,000 kwa machifu na wenye ardhi binafsi wapatao 1,000, na orodha hiyo ya majina ikawageuza wakulima wengi kuwa wapangaji katika ardhi waliyozaliwa. Nchini Kenya, usajili wa mashamba katika maeneo ya Wakikuyu chini ya Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954 ulifanyika wakati wa hali ya hatari, wengi wakiwa kizuizini, wasiweze kusema mpaka wao ni upi. Miaka hamsini baadaye, ripoti ya Tume ya Ndung'u ya mwaka 2004 ilieleza jinsi ardhi ya umma ilivyogawiwa kinyume cha sheria kupitia ofisi zilezile zilizopaswa kuilinda. Katika visa vyote hivyo daftari lilikuwepo. Kilichokosekana ni macho ya wengine juu ya mwandishi.

Ndiyo maana sheria ya mwaka 2022 ni muhimu kwa ardhi, ingawa wengi wanaifikiria kama sheria ya simu na benki. Inamtaja mkusanyaji wa taarifa na mchakataji wa taarifa, na inawataka wakusanye kwa kusudi lililotajwa, wahakikishe usahihi, na walinde usalama. Inampa mhusika haki ya kujua kilichoandikwa juu yake na kudai kirekebishwe. Kwa maoni yangu, halmashauri inayoandikisha mashamba ni mkusanyaji, na kampuni inayoajiriwa kupima na kuingiza majina katika kompyuta ni mchakataji, hata kama haijawahi kujitazama hivyo.

Hapa pana mvutano wa kweli. Daftari la ardhi lazima liwe wazi, kwa sababu uwazi ndio uliowazuia wakulungwa kudanganya na ndio unaomlinda mnunuzi. Lakini uwazi wa nani anamiliki shamba lipi haudai uwazi wa namba yake ya simu, mkopo wake au majina ya watoto wake. La kwanza ni la kijiji. La pili ni la nyumba. Tukivichanganya, tutapata ama daftari la siri linalomfaa mwizi, au daftari tupu la faragha linalomfaa tapeli.

Wapo watakaosema kwamba wajibu wa wote si wajibu wa yeyote. Ni pingamizi la haki, na jibu lake ni kugawa wajibu kwa majina. Mkutano Mkuu wa Kijiji usomewe daftari hadharani angalau mara moja kwa mwaka, ili kosa lisikilizwe kabla halijazeeka. Mtendaji akabidhi masjala kwa maandishi anapohama, kama mhasibu anavyokabidhi fedha. Halmashauri ya wilaya au ya mji itunze nakala, na kijiji kinapogeuka mtaa itoe orodha ya kila jina lililohamishwa na ibandikwe mahali watu wanapita. Wizara iweke katika mfumo wake alama isiyofutika ya nani alibadilisha nini na lini. Kampuni ya upimaji irudishe kila taarifa iliyokusanya, isibaki nayo. Vyama vya ushirika vya msingi vilivyo chini ya MAMCU na TANECU, ambavyo tayari vina orodha za wakulima, visiitumie orodha hiyo kwa jambo jingine bila idhini. Madalali wasajiliwe na wabebe dhamana. Na wanandoa, pamoja na ndugu wa upande wa mama katika jamii zinazofuata mila hiyo, waitwe siku mpaka unapotembelewa, kwa sababu jina moja la mume likiandikwa harakaharaka kama mkuu wa kaya laweza kufuta haki ya dada ambaye ukoo wote ulimtambua.

Hakuna katika orodha hiyo kinachohitaji mtambo wa gharama. Kinachohitajika ni kukubali jambo ambalo uwanda wa Makonde ulilijua kabla ya amri ya mwaka 1895, ukaliona likivunjwa na Taji, na kisha na operesheni: kumbukumbu ya ardhi inaaminika pale tu anayeiandika anapokuwa na mtu wa kumsahihisha. Kompyuta itaongeza kasi ya uandishi. Haitaongeza idadi ya wasahihishaji, isipokuwa sisi wenyewe tuwaweke.